Chakula cha Gerezani: Maswali Wanayouliza Ndugu Getini

Ukurasa huu ni wa wenye ndugu ndani. Tumeuandika tukiangalia zaidi magereza ya Tanzania na Kenya, na Kongo kidogo kwa sababu maswali ya huko nayo huja. Taratibu hutofautiana kati ya gereza na gereza, na mkuu wa gereza akihamishwa hubadilika tena, kwa hiyo neno la mwisho utalipata getini.

Mdogo wangu kakamatwa jana. Leo atakula nini?

Kama bado yuko kituo cha polisi, usingoje. Vituo vingi havina jiko la maana, na kwa mazoea ya huku kwetu aliyeko kituoni hulishwa na nyumbani kwake. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko. Acha glasi, uma na chupa. Askari wa zamu pale kaunta atakuambia uonje mbele yake, na mahali pa kuonja atakuchagulia yeye: kipande kile cha nyama, kijiko cha mchuzi, tonge la chini kabisa. Usijione umedharauliwa, kila mtu anaonjeshwa. Baada ya hapo wali utapekuliwa, chapati zitakunjuliwa moja moja, mkate utapasuliwa katikati. Basi pika kitu ambacho kikishapekuliwa bado kinalika. Wali maharage hustahimili, maandazi hustahimili, ndizi mbivu hazina neno. Samaki wa kupaka atamfikia mwenyewe akiwa hatambuliki.

Akishafikishwa mahakamani na dhamana ikashindikana, anapelekwa gerezani kama mahabusu, na kuanzia hapo kumlisha ni kazi ya serikali. Siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Karandinga likichelewa kutoka mahakamani, linafika gerezani jiko limeshafungwa na chakula kimeshagawiwa. Ndiyo maana wenye uzoefu huja mahakamani na chakula cha mchana na kumwomba askari wa mahabusu, kwa adabu, amruhusu mtu wao ale kabla ya safari. Wengine hukataa. Wengi hukubali.

Gerezani kwenyewe wanakula nini?

Ugali na maharage. Hilo ndilo jibu la leo, la kesho na la mwaka ujao. Asubuhi ni uji, mara nyingi mwepesi, wenye sukari ikipatikana. Kenya utasikia sukuma wiki au kabeji ikiongezwa pembeni, na githeri, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, hapa na pale. Tanzania ni dona na maharage, mboga za majani kulingana na bustani ya gereza, wali siku moja moja. Nyama ni ya kuhesabu, na mfungwa yeyote atakutajia sikukuu aliyoila mara ya mwisho.

Wanaotoka hawalalamikii sana ladha. Wanachokilalamikia ni kwamba chakula ni kilekile, na saa zake.

Milo mingapi kwa siku, na saa ngapi?

Swali hili ndugu hulipita haraka, na sisi tunaliona ndilo kubwa kuliko yote.

Kwenye karatasi milo ni mitatu. Kwa vitendo, magereza mengi yenye msongamano hutoa uji asubuhi na mlo mmoja mzito. Mengine hugawa cha mchana na cha jioni vikifuatana karibu, hata mtu anapokea cha pili wakati cha kwanza hakijashuka. Sababu ni kufungiwa. Wafungwa huhesabiwa na kufungiwa mabwenini mapema, alasiri, kabla askari wa mchana hawajapokewa na wa usiku, ambao ni wachache. Ili hesabu ikamilike jua likiwa bado juu, chakula cha "usiku" lazima kiwe kimeliwa saa tisa au saa kumi.

Sasa piga hesabu. Mtu aliyekula saa tisa alasiri, akafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, amekaa saa kumi na tano bila chakula, na uji bado haujaiva. Anaporudi kijana wenu na kusema alikuwa halali kwa njaa, usimjibu kwamba chakula walikuwa wanapewa. Walipewa, ila mapema mno.

Kanuni za chini kabisa za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa upya Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinaligusa jambo hili katika Kanuni ya 22: mfungwa apewe, kwa saa za kawaida, chakula chenye lishe ya kutosha afya na nguvu zake, chenye ubora, kilichopikwa na kugawiwa vizuri, na maji ya kunywa kila anapoyahitaji. Wakaguzi huja na kutazama sufuria. Saa hawazitazami, kwa kuwa nao hufika asubuhi.

Wafungwa wana dawa yao: kubakiza. Kipande cha ugali hufichwa ndani ya chombo chenye mfuniko, kikaliwa saa mbili usiku kikavu, na chumvi au na chochote. Kwa hiyo kama gereza linaruhusu vyombo kutoka nje, bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana linaweza kumfaa kuliko pesa utakayompa.

Je, ugali na maharage si chakula duni?

Hapana, na tuseme hivi kwa sababu watu hudhani ni adhabu. Mamilioni ya watu walio huru wanakula hivyohivyo. Mahindi yana upungufu wa protini ambao maharage huuziba, na maharage yana upungufu ambao mahindi huuziba. Mtu anaweza kuishi miaka mingi kwa sahani hiyo, mradi ijae na iwe na kitu cha kijani, mafuta kidogo, na tunda mara kwa mara.

Tatizo ni kile kinachotokea kati ya stoo na sahani. Maharage ni ghali kuliko unga, kwa hiyo bajeti ikipungua ndiyo hupungua kwanza, na mtu akaishia na mchuzi wenye punje za kuhesabika. Mafuta hutiwa kwa jina tu. Mboga huchemshwa kwenye pipa hadi ikapoteza rangi, na vitamini C ikaharibika kwa moto na kupotelea majini. Kisha kuna magadi. Mpishi anayetakiwa kuivisha maharage ya watu mia nane kwa kuni zisizotosha atatia magadi ili yalainike upesi, na kweli yanalainika, lakini magadi huharibu vitamini B1. Hatumlaumu. Angefanyaje?

Unga nao una habari yake. Dona hubaki na kiini na pumba, ndimo zilimo vitamini nyingi za mahindi, ila haikai muda mrefu bila kuchacha. Sembe inakaa, lakini imeshavuliwa. Kenya iliwalazimisha wasagaji tangu 2012 kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa mahindi wa pakiti. Mahindi yanayosagwa kwenye mashine ndogo ya kijijini, au ya gereza lenyewe, hayapati nyongeza hiyo.

Mtu aliyekaa kwa ugali mwingi na mboga kidogo utamwona. Fizi zinazotoka damu zinaweza kuwa dalili ya kiseyeye, yaani amekosa matunda na mboga mbichi. Ngozi inayokuwa nyeusi na kubanduka shingoni na mikononi, sehemu zinazopigwa jua, pamoja na kuhara na kuchanganyikiwa, ni pelagra, ugonjwa wa walao mahindi pasipo kitoweo. Karanga na maharage huuzuia. Miguu kufa ganzi, au kuvimba na moyo kwenda mbio, inaweza kuwa beriberi. Ukiona lolote kati ya haya siku ya kutembelea, usimwambie ajikaze. Omba umwone muuguzi wa gereza siku hiyohiyo.

Ni kweli maharage yana mawe na wadudu?

Mara nyingi, ndiyo. Gereza hununua kwa magunia, kwa bei ya chini iliyoshinda zabuni, na kuyachambua ni kazi ya wafungwa wachache kabla ya mapambazuko. Jiwe linavunja jino, na jino gerezani halizibwi, linang'olewa.

Wadudu wanachukiza kuliko wanavyodhuru. Yapo mawili mabaya zaidi ambayo hayaonekani. La kwanza ni maharage yasiyoiva. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayokufa yakichemka kwa nguvu. Yakitokoswa kwa moto hafifu hubaki nayo, na bweni zima hutapika. La pili ni sumukuvu, inayotokana na kuvu wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, mashariki ya Kenya, sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 walioorodheshwa kuugua, nao walikuwa majumbani kwao wakila mahindi yao wenyewe. Kwa hiyo stoo ya gereza inayovuja wakati wa masika ni jambo la kuulizia kabla ya kuulizia nyama.

Kuhusu moto kuna dalili njema upande wa Tanzania. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Jeshi la Magereza limeanza kuhamia kwenye gesi na nishati mbadala. Mapishi ya maharage yakiacha kutegemea kama mvua ililowesha kuni, tumbo za watu zitapumzika.

Nani anapika?

Wafungwa wenyewe, chini ya askari wa jiko na nyampara wao. Ni kazi ngumu: kuamka saa tisa usiku, kusonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia, moshi machoni. Lakini ndiyo kazi inayotafutwa kuliko zote, na huhitaji kuambiwa kwa nini.

Mpishi wa gerezani mashuhuri kuliko wote katika ukanda wetu ni Jomo Kenyatta. Alipofungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, baada ya hukumu ya 1953, alionekana ana umri mkubwa kwa kazi za sulubu, akapewa jiko awapikie wenzake. Rais wa kwanza wa Kenya alishika mwiko kabla ya kushika nchi.

Kama ndugu yako amechaguliwa jikoni, shukuru kimyakimya. Usitangaze.

Mbona wengine wanapata zaidi?

Kwa sababu anayegawa ana mkono, na mkono una marafiki. Ugali hupimwa kwa bakuli moja, lakini bakuli huweza kujazwa kama kichuguu au kusawazishwa kwa kiganja. Mchuzi huchotwa juu, ambako ni maji, au chini, ambako ndiko punje ziliko. Mgeni asiyejua mtu huchotewa juu. Baada ya wiki chache huwa ameshajua afanye nini: afue nguo za mtu, aandike barua za mtu, atoe sigara. Sukari na sigara ndani ni fedha.

Askari mwenye nia njema anaweza kulimaliza hili kwa kusimama tu karibu na sufuria mpaka mtu wa mwisho apokee. Tunajua mahali ambapo mkuu wa gereza alikuwa akila sahani moja kutoka sufuria lilelile, bila kusema ni siku gani atakuja. Maharage yalichambuliwa.

Naweza kumpelekea chakula nilichopika?

Inategemea yeye ni nani kwa sheria. Mahabusu, yaani ambaye kesi yake haijaamuliwa, bado hana hatia, na Kanuni ya 114 ya Mandela inasema anaweza kujipatia chakula cha nje kwa gharama zake au za ndugu na marafiki, kadiri utulivu wa gereza unavyoruhusu. Aliyehukumiwa hana nafasi hiyo. Yeye anakula cha gereza.

Huo ndio msingi. Getini utakuta mengine: siku maalumu za kupeleka, orodha ya vinavyoruhusiwa, na magereza yaliyokataa kabisa vilivyopikwa kwa kuogopa dawa za kulevya na simu. Simu imeshawahi kusafiri ndani ya kuku mzima, na tangu hapo kuku wa watu wengine wote ndio wanaoumia. Kabla hujawasha moto nyumbani, nenda getini siku moja mikono mitupu uulize maswali matatu: siku gani, vitu gani, na kwa nani. Andika majibu. Utajiokolea nauli na machozi.

Vinavyopita kwa urahisi zaidi, pale vinaporuhusiwa, ni vya dukani ambavyo pakiti haijafunguliwa: sukari, unga wa lishe, chumvi, biskuti. Karanga zilizokaangwa zina thamani kubwa kwa uzito wake, zina mafuta, zina protini, zinazuia pelagra na haziharibiki upesi. Kama utachagua kitu kimoja, chagua karanga. Machungwa na ndimu yakiruhusiwa ni dawa ya kiseyeye.

Peleka kiasi. Mtu mmoja mwenye mfuko mkubwa kwenye bweni la watu mia anakuwa na marafiki wengi kwa jioni moja na maadui kwa mwezi.

Na pesa?

Magereza mengi yana kantini au duka dogo. Pesa huachwa ofisini, huandikwa kwenye daftari kwa jina la mfungwa, naye hukatwa anaponunua mkate, sukari au sabuni. Omba stakabadhi kila mara, hata ukionekana msumbufu. Usitume pesa kwenye namba ya simu ya mtu aliyekupigia akisema ndugu yako kalazwa au kapigwa. Ule ni utapeli wa zamani, na baadhi ya wanaoufanya wako ndani humohumo.

Baba ana kisukari. Atawezaje na ugali kila siku?

Kwa shida, na hapa usiwe mpole. Ugali mwingi kwa mara moja hupandisha sukari. Kisha saa kumi na tano za njaa huishusha. Anayetumia insulini, au vidonge vya aina fulani, anaweza kuzimia usiku bwenini, mlango umefungwa. Hakikisha mambo haya: cheti cha daktari wake wa nje kifike kwenye zahanati ya gereza, nakala ibaki kwako, muuguzi ajue saa anazokunywa dawa na saa chakula kinapogawiwa, na aruhusiwe kuwa na kitu cha kutia mdomoni usiku. Wenzake wa karibu bwenini wajue dalili: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka.

Mlo wa mgonjwa ni jambo linalotambulika na huandikwa na mganga wa gereza. Kanuni ya 35 ya Mandela inamtaka mganga akague wingi, ubora, mapishi na ugawaji wa chakula cha wote na kumshauri mkuu wa gereza. Wanaotumia dawa za kifua kikuu na za VVU nao wanauhitaji. Wengi huacha dawa kwa sababu dawa zinaamsha njaa, na njaa hiyo haina pa kupelekwa.

Dada yangu ni mjamzito. Na mwenye mtoto mchanga je?

Kanuni za Bangkok za 2010, zinazohusu wanawake waliofungwa, zinasema mjamzito, anayenyonyesha na watoto wapewe bure chakula cha kutosha na kwa wakati, pamoja na ushauri wa lishe. Kenya mtoto anaweza kukaa na mama yake gerezani hadi umri wa miaka 4, na gereza la wanawake la Lang'ata jijini Nairobi lina mahali pa kulelea watoto mchana. Kwingineko mtoto hula sahani ya mama, yaani mama hula nusu. Maziwa, unga wa uji wa mchanganyiko na mayai ndivyo vya kuulizia getini kwanza. Kwa ajili ya mtoto milango hulegea kidogo. Madini ya chuma na asidi ya foliki hutolewa kliniki, na mjamzito aliye ndani anastahili kliniki kama wa nje. Ulizia tarehe zake za kliniki kila unapomtembelea, ili wajue kuna anayezihesabu.

Mwislamu anafungaje Ramadhani humo?

Anafunga, na wengi hufunga hata ambao nje walikuwa wavivu. Tabu ni saa zilezile. Chakula hugawiwa alasiri, magharibi bado, kwa hiyo kinawekwa ndani ya chombo hadi adhana, na daku ni kile kilichobaki. Magereza mengi huwaruhusu waliofunga wapokee chao chote kwa pamoja, na misikiti na jumuiya za Kiislamu hupeleka tende, sukari na unga. Tende ni futari iliyoumbwa kwa ajili ya mahali pasipo jiko. Ukitaka kuchangia, pitia kwa imamu anayeingia gerezani, kwani yeye anajua idadi.

Wanaweza kumnyima chakula kama adhabu?

Zamani, ndiyo, na kwa maandishi. Sheria za magereza tulizorithi kwa Mwingereza zilikuwa na mlo wa adhabu. Hata kanuni za mwanzo za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa Geneva mwaka 1955, hazikukataza moja kwa moja. Zilisema tu mganga athibitishe kwa maandishi kwamba mfungwa ataweza kustahimili. Kanuni ya 43 ya Mandela, ya mwaka 2015, ndiyo iliyofunga mlango: kupunguza chakula au maji ya kunywa hakuruhusiwi kuwa adhabu. Kenya, Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora, inasema pia aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zinazogongana na kufungwa kwenyewe, na ipo sheria ya mwaka 2014 ya watu walionyimwa uhuru.

Chakula kimetumika gerezani kumwonyesha mtu nafasi yake kwa muda mrefu. Magereza ya kikoloni Kenya yalikuwa na viwango vya mlo kwa rangi: Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, mpigania uhuru Ahmed Kathrada alipewa mkate kwa kuwa ni wa asili ya Kihindi, na Mandela, aliyehukumiwa naye katika kesi moja, hakupewa kwa kuwa ni Mwafrika. Wenye mkate waligawana na wasio nao.

Mbona magereza yana mashamba makubwa na bado wana njaa?

Swali zuri, na hukasirisha wakubwa. Tanzania ina magereza ya kilimo yanayojulikana: Songwe huko Nyanda za Juu Kusini kwa mahindi, Kwitanga huko Kigoma kwa michikichi, Kitengule huko Kagera kwa mifugo. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alilitaka Jeshi la Magereza liwatumie wafungwa kuzalisha chakula chao, akihoji kwa nini mlipakodi awalishe watu wenye nguvu.

Hoja inavutia, lakini ina tundu. Wanaojaza magereza ya mijini, Keko na Segerea pale Dar es Salaam kwa mfano, wengi ni mahabusu, na mahabusu hapelekwi shamba kwa nguvu kwa sababu hajahukumiwa. Wafungwa wa kulima wako Songwe, midomo iko Dar, na kati yao kuna lori, dizeli na fungu la bajeti. Mahindi yanaweza kujaa ghala la Nyanda za Juu na bado Dar wakapimiwa kwa kiganja. Ukitaka sufuria la Segerea litoshe, njia ya mkato ni kesi ziishe na dhamana zitolewe, watu wapungue.

Jamaa yetu yuko Kasapa, Lubumbashi. Ni kweli asipopelekewa chakula hatakula?

Karibu na kweli. Magereza ya Kongo ni hatua nyingine kabisa. Chakula cha serikali, kikiwepo, ni vungule, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, mara moja kwa siku, na zipo siku hakuna kitu. Gereza la Makala mjini Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500 na limekuwa likibeba zaidi ya 12,000. Mwanzoni mwa 2020 watu walikufa humo kwa njaa na kukosa dawa. Familia, parokia na misikiti ndiyo jiko halisi. Kama mko mbali, Dar, Nairobi au Ulaya, tafuteni mtu mmoja wa kanisa au msikiti wa mtaa ule anayeingia kila wiki, mpitishie yeye kidogokidogo. Kutuma kikubwa kwa mara moja ni kumtafutia maadui, kama tulivyosema.

Maji je?

Kunywa yaliyochemshwa ikiwezekana, na ulizia tanki linasafishwa lini. Kipindupindu huingia kwa maji kuliko kwa ugali. Jambo moja la historia lisisahauliwe: Machi 3, 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, Kenya, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya tangi la kukokotwa. Ukiambiwa mtu wenu amekufa kwa tumbo, ombeni uchunguzi wa maiti.

Chakula kibaya kinaleta vurugu?

Kinachangia. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa gereza la vijana la Aylesbury, Uingereza, uliohusisha wafungwa 231. Waliopewa vidonge vya vitamini na madini walivunja sheria za gereza kwa karibu asilimia 26 pungufu ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Ni gereza moja na nchi moja. Hata hivyo askari yeyote wa zamani atakuambia zogo kubwa huanzia kwenye foleni ya chakula.

Nalalamika wapi bila kumponza ndugu yangu?

Anza kwa mkuu wa gereza, na uanze kama muulizaji: "Afande, naomba kufahamu utaratibu wa mlo wa mgonjwa." Mengi huishia hapo. Ikishindikana, Tanzania iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na Kenya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Zote zina mamlaka ya kuingia magerezani na kukagua. Mahakimu na majaji nao hutembelea magereza, na mahabusu anaweza kusema mbele ya hakimu siku ya kesi yake, ambapo maneno huandikwa.

Andika tarehe, saa chakula kilipogawiwa, na kilikuwa nini. "Chakula kibaya" haliendi popote. "Wiki yote kuanzia Jumatatu, mlo mmoja, saa nane na nusu, bila mboga" litamfanya mtu afungue daftari la stoo. Usitaje jina la mfungwa kama huna ulazima. Zungumzia bweni, au gereza zima. Na kama malalamiko yanahusu mtu mmoja mgonjwa, ambatisha nakala ya cheti chake, ubaki na yako.